Pointi Tano za CPD: Diani, Semina ya Mjini, au Simu Mkononi?

Kila ifikapo Julai, kundi letu la WhatsApp la mawakili wa Pwani huwa na swali moja kuhusu kongamano la mwaka la mawakili: "Nani anaenda Diani?" Mwenye gari anatafuta abiria. Mwenye nyumba Ukunda anatafutwa na marafiki waliokuwa wamemsahau tangu mwaka jana. Lakini chini kwa chini kuna swali jingine linaloulizwa faraghani, hasa na mawakili wa miaka ya mwanzo: je, ni lazima niende? Pesa za hoteli nitazitoa wapi? Kwani nikikaa ofisini nikafungua webina, yaani semina ya mtandaoni, pointi za mafunzo tunazodaiwa kila mwaka si zitapatikana yaishe?

Nimezipita njia zote nne za kupata pointi hizo nitakazozieleza hapa, nyingine kwa hiari, nyingine kwa kubanwa na kalenda. Nitazipima kwa vipimo vilevile, halafu kila mtu aangalie mfuko wake na faili zake.

Hesabu kwanza. Wakili wa Kenya anatakiwa kupata pointi 5 za mafunzo endelevu, yaani CPD, kila mwaka, na mwaka wenyewe unahesabiwa Januari hadi Desemba. Ukizikosa, kuhuisha leseni yako ya uwakili kunageuka kuwa barua na maombi, na leseni ya zamani imekufa tarehe 31 Desemba. Wapo wanaojifariji kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2015, kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing, kwamba hati haiwi batili kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na leseni ya mwaka huo. Uamuzi huo usome polepole. Aliyeokolewa pale ni mteja. Wakili aliyefanya kazi bila leseni bado ana kesi ya kujibu chini ya Sheria ya Mawakili.

Sasa, pointi haina rangi. Ya ufukweni na ya kwenye simu zinaingia safu moja kwenye akaunti yako ya chama cha mawakili, na hapo ndipo wengi wanapokosea hesabu: wanatafuta pointi ya bei rahisi na kusahau kuuliza pointi hiyo inakuja na nini. Uingereza walichoshwa na mchezo huo. Masolisita, yaani mawakili wa huko, walikuwa wakihesabiwa saa 16 kwa mwaka; tangu Novemba 2016 saa hizo zimefutwa, na kila mmoja anatakiwa ajichunguze anapopungukiwa, ajifunze hapo, aweke kumbukumbu. California bado wanahesabu, saa 25 kwa kila miaka 3. Sisi tunahesabu pia, na sioni kama tutaacha karibuni. Lakini hakuna sheria inayokukataza kuhesabu huku ukijichunguza.

Vipimo vyangu vinne

*Fedha*: si ada ya kujiandikisha peke yake, bali nauli, malazi, na kazi itakayolala. *Siku*: unatoka mahakamani kwa muda gani, na nani anakushikia kesi. *Somo*: unarudi na nini unachoweza kukitumia Jumatatu asubuhi. *Watu*: umekutana na nani. Hiki cha nne wakili kijana hukidharau, kisha baada ya miaka kumi kinakuwa ndicho anachokilipia.

Kongamano la mwaka, Diani

Hili ni la Chama cha Mawakili Nchini, LSK, na kwa miaka kadhaa limezoeleka kufanyika Diani, Kwale, mwezi wa Agosti.

*Fedha.* Hapa ndipo panapouma. Ada ya kujiandikisha hupanda kadiri tarehe inavyokaribia, kwa hiyo anayelipa mapema anaponea. Nauli inaweza kubanwa: treni ya Madaraka Express kutoka Nairobi ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza tangu bei zilipopandishwa Januari 2024, na ukishuka Miritini, barabara ya Dongo Kundu inakufikisha upande wa Kwale bila kugusa feri ya Likoni. Kitakachokumaliza ni hoteli. Ushauri wangu kwa asiye na mfuko mnene: usilale kwenye hoteli ya kongamano. Pangeni nyumba Ukunda watu wanne, mpikiane, asubuhi mchukue tuktuk. Ukumbini hakuna anayekuuliza umelala wapi.

*Siku.* Mwezi wa Agosti haukuchaguliwa ovyo. Mahakama Kuu iko likizo kuanzia tarehe 1 Agosti hadi 15 Septemba, kwa hiyo wakili wa kesi za Mahakama Kuu anaweza kufunga faili kwa siku kadhaa bila kufukuzwa na mtu. Lakini mahakama za mahakimu haziendi likizo hiyo. Ukiwa wewe ni wakili wa trafiki, jinai na madai ya Kwale, Kilifi au Voi, wiki ya Diani ni wiki ya kazi kama nyingine. Utaomba mtu akushikie kesi, naye pia atakuwa amepanga kwenda Diani.

*Somo.* Mada huwa pana: katiba, uhuru wa mahakama, akili mnemba, uchumi wa ofisi za mawakili. Majaji wakubwa huzungumza. Ni elimu ya kukuonyesha fani inaelekea wapi, ila usitarajie kufundishwa namna ya kujaza fomu. Mwaka wangu wa kwanza nilikaa kiti cha nyuma kabisa, nikala vizuri mchana, na kikao cha saa nane nilikipitia nikiwa nusu usingizini. Nilisaini, nikapata pointi. Nikiulizwa leo kilizungumzwa nini, siwezi kujibu.

*Watu.* Lakini mwaka huohuo, kwenye foleni ya chai, nilisimama nyuma ya wakili mmoja wa Kisumu, mama wa makamo. Nilikuwa nikilalamika kuhusu Mahakama ya Madai Madogo, ile ya madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambayo sheria inaipa siku 60 tu kumaliza shauri. Nilikuwa nimepoteza dai moja kwa sababu stakabadhi muhimu ilikuja imechelewa. Akanitazama kama mwanawe. "Wewe unaandika dai halafu unatafuta ushahidi. Pale unatafuta ushahidi mpaka uumalize, ndipo unaandika dai. Siku 60 zikianza kuhesabiwa, uwe huna tena la kutafuta." Dakika tatu, kikombe mkononi. Niliporudi ofisini nilibadilisha utaratibu mzima wa karani wangu. Hilo silo somo lililokuwa kwenye ratiba, na bila foleni ile nisingelipata.

Kongamano linamfaa nani? Anayetafuta watu wa kupelekeana kazi. Aliyetosheka na mji wake mmoja na anataka kujua wenzake wa Eldoret na Meru wanaendeshaje ofisi. Mwanasheria wa kampuni au wa serikali ambaye mwajiri anamlipia, huyo aende tu. Na mtu aliyechoka. Bahari nayo ina kazi yake, na sioni haya kulisema.

Semina ya siku moja mjini kwako

*Fedha.* Ada yake ni ndogo kuliko ya kongamano, hulipii malazi, na nauli ni matatu. Gharama kubwa ni ile siku yenyewe.

*Siku.* Moja, na mara nyingine nusu. Ukipata tangazo mapema unaweza kumwambia karani asikuchukulie tarehe siku hiyo. Tatizo ni kwamba uko karibu mno na ofisi. Mteja anapiga simu, "Wakili, niko hapa nje," nawe unatoka. Nimeona watu wakitoka saa nne na kurudi saa kumi kusaini.

*Somo.* Kwa kujifunza utaratibu wa kazi, sijaona kinachoishinda semina ya mjini, na nitaeleza kwa nini. Sheria ni moja nchi nzima, lakini kila kituo cha mahakama kina tabia zake. Naibu Msajili wa kituo chako ndiye anayejua kwa nini nyaraka zako zinarudishwa. Uwasilishaji wa nyaraka kwa mtandao ulianza Nairobi tarehe 1 Julai 2020 na ukapelekwa nchi nzima Machi 2024. Tangu wakati huo, nusu ya malalamiko ya mawakili ninaowafahamu hayahusu sheria hata kidogo. Yanahusu faili lililopakiwa likiwa kichwa chini, ada iliyolipwa ikakataa kuonekana, hati ya dharura iliyowekwa kwenye kundi lisilo lake ikalala siku tatu. Semina ambayo msajili anakaa mbele na projekta, akafungua mfumo, akaonyesha, "Hapa ndipo mnapokosea," inakuokolea mwezi mzima wa kukimbizana na makarani.

Ni hivyohivyo jaji wa kituo akija kuzungumza. Hatakwambia ataamua nini kwenye kesi yako, lakini atakwambia kinachomchosha: mawasilisho ya kurasa 40 kwa hoja mbili, nakala za maamuzi zisizosomeka. Ukisikia hivyo kwa masikio yako, unapunguza kurasa.

Halafu kuna lugha. Mada huanza kwa Kiingereza, slaidi ni za Kiingereza, lakini kwetu Mombasa ikifika saa ya maswali mambo yanateremka kwenye Kiswahili, na hapo ndipo ukweli unaposemwa. Wakili atauliza namna ya kumweleza ajuza wa Mtongwe usuluhishi wa mahakamani, ule ulioanzishwa kwa majaribio Milimani, Nairobi, mwaka 2016, bila ajuza huyo kudhani ananyimwa haki ya kusikizwa na hakimu. Suali kama hilo halijibiwi vizuri kwa Kiingereza, kwa kuwa mteja mwenyewe hataelezwa kwa Kiingereza.

*Watu.* Ni walewale unaokutana nao kwenye korido ya mahakama kila Jumatatu. Hasara yake ni wazi. Faida yake ni kwamba mpinzani wako wa kesho, mkishakula sahani moja ya pilau, ni rahisi kumpigia simu mkamaliza shauri nje.

Inamfaa wakili mwenye ofisi ya mtu mmoja, anayefanya kazi nyingi za mahakamani katika kituo kimoja au viwili. Inamfaa pia aliyehamia kituo kipya na bado hajajua milango. Wakili ambaye kazi yake ni mikataba na makampuni ataona anapoteza muda, na sitabishana naye.

Webina

*Fedha.* Ada huwa ya chini, na mara nyingine mdhamini ameilipa. Unachotoa ni bando.

*Siku.* Saa mbili au tatu, mara nyingi alasiri, baada ya mahakama kuinuka. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, kwa wakili wa Lodwar au Mandera, kwa anayeuguza mzazi, huu ndio mlango uliobaki wazi, na anayewacheka "mawakili wa Zoom" hajapitia hayo.

*Somo.* Nilikuwa mmoja wa wachekaji, kwa hiyo nikiri. Sheria mpya inapotoka, webina ndiyo inayofika kwanza, na mtoa mada anaisoma kifungu kwa kifungu. Mfano ni marekebisho ya sheria za utakatishaji wa fedha haramu, yaliyowaingiza mawakili kwenye orodha ya wanaotakiwa kumtambua mteja, kutunza kumbukumbu na kutoa taarifa wanapomshughulikia katika ununuzi wa ardhi, utunzaji wa fedha au uanzishaji wa kampuni. Februari 2024 Kenya ikawekwa na FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji huo, kwenye orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu, na mambo yakawa ya haraka. Mimi niliyaelewa kwenye kiti changu, sheria imefunguliwa dirisha moja, mtoa mada dirisha la pili, nikisimamisha na kuandika. Ukumbini huwezi kumsimamisha mtu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 niliisoma hivyohivyo, nikiwa na fomu za wateja wangu mezani nikizisahihisha papo hapo.

Lakini mtego upo. Siku moja nilijiunga na webina nikiwa garini kwenda Kilifi, kamera nimezima, spika ya simu imewaka. Mtandao ulikatika Mtwapa, ukarudi, ukakatika Vipingo. Nilipofika, kikao kilikuwa kimeisha na jina langu lilikuwa kwenye orodha. Nilichojifunza ni kwamba barabara ya Malindi ina matuta mengi.

*Watu.* Hakuna. Visanduku vyeusi vyenye majina.

Webina inamfaa anayejijua. Ukiweza kufunga mlango, kuzima simu nyingine na kukaa na sheria mbele yako, utapata mengi kwa fedha kidogo. Kama unajua utaiwasha halafu uendelee kuandika hati ya kiapo, basi ujue unanunua pointi tupu, na usishangae utakapoulizwa na mteja ukakosa jibu.

Kongamano la kanda

Hili nitalipitia upesi, kwa sababu wengi wetu hatulihitaji kila mwaka. Chama cha Wanasheria wa Afrika Mashariki, EALS, kiliundwa 1995, makao yake Arusha, na kongamano lake la mwaka huhamahama nchi hadi nchi, kwa kawaida mwishoni mwa mwaka. *Fedha* ni nyingi kuliko zote: tiketi, hoteli, na kubadilisha sarafu. *Siku* zinaangukia wakati mahakama zetu ziko kazini. Kabla ya kulipa, uliza LSK kama pointi zake zitaingia kwenye akaunti yako na ni ngapi.

*Somo* ni la aina yake. Mahakama ya Afrika Mashariki iko Arusha, na kosa linaloua mashauri pale ni muda: Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki unampa mlalamishi miezi 2 tu, tangu kitendo kufanyika au tangu alipokijua. Mawakili waliozoea miaka ya kwetu hufika wamechelewa wakiwa na hoja nzuri kabisa. Utasikia pia yanayoendelea kwa majirani, kama Tanzania ilivyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama kwa marekebisho ya 2021, jambo linalomgusa moja kwa moja wakili wa Kwale mwenye mteja aliye na shamba Tanga. *Watu* ndio hasa unaowafuata. Vikao ni vya Kiingereza, mwenzako wa Bujumbura amesomea Kifaransa, na kwenye chai nyote mnahamia Kiswahili bila kuambizana.

Kama una wateja wa Busia, Namanga au Lunga Lunga, wanaouza upande mmoja na kudaiwa upande wa pili, safari moja inaweza kukupa wakili wa kuaminika Kampala au Dar es Salaam kwa miaka mingi. Kama huna, subiri.

Kwa hali yako

Uko mwaka wa kwanza hadi wa tatu na umeajiriwa: mwombe bosi akulipie Diani, na mwombe mapema, Mei au Juni, kabla ada haijapanda. Akikataa, semina mbili za mjini na webina kadhaa zitakutosha. Ila katika miaka hiyo mitatu jaribu kwenda kongamano angalau mara moja, hata kwa kulala Ukunda watu wanne, na ukifika usikae na uliokuja nao.

Una ofisi ya peke yako, karani mmoja, kesi nyingi za hakimu: semina kwanza, webina ya kujaziliza, Diani mwaka ambao mfuko umeruhusu. Agosti yako si likizo, usiige ya wenzako.

Unafanya mikataba, ardhi na makampuni: webina za sheria mpya zikae mbele. Diani nenda kwa ajili ya wateja na wenzako, pointi zitakufuata.

Unalea, unauguza, au unaishi mbali: webina zote, bila kuomba radhi kwa yeyote. Ila zigawe mwaka mzima. Saa tatu za skrini baada ya siku ya mahakama ni nzito kuliko zinavyoonekana kwenye tangazo.

Unataka kujaribu kazi ya mipakani: okoa fedha za Diani mwaka mmoja uende kongamano la kanda, ukiwa na kadi za kutosha na orodha ya miji unayotaka kupata wakili.

Na wewe unayesoma haya Desemba ukiwa na pointi mbili: hapo hakuna cha kuchagua. Ingia kwenye akaunti yako leo, uone kama semina ya Machi imeingizwa, maana huwa zinasahaulika. Isiyoonekana, tuma ushahidi wa kuhudhuria kabla ofisi hazijafungwa kwa Krismasi. Zilizopungua zijaze kwa webina za wiki hizi mbili, na safari hii fungua kamera.